LDL kwa karatasi yako imepimwa ama imepigwa hesabu? Venye unaweza kuirudia mwenyewe

Anko wangu wa Umoja alinipigia simu Jumapili moja baada ya ibada akiwa na furaha kweli, ati kumekuwa na kambi ya matibabu pale kanisani, wamepimwa damu, na yeye mafuta mabaya hana hata tone. Nikamuuliza, anko, umejuaje? Akaniambia karatasi imewekwa vistari vitatu pale penye LDL, ile kolesteroli mbaya, na vistari si ni kusema hakuna kitu. Nikamwomba anitumie picha. Kolesteroli yote 6.1, HDL (ile nzuri) 0.9, trigliseridi (mafuta ya aina ingine kwa damu) 5.1, halafu kweli LDL ni vistari vitatu. Sasa hiyo si sifuri bana. Hapo ni mashine ilikataa kupiga hesabu juu trigliseridi za anko zilikuwa zimepanda kupita mahali hesabu yake inaweza kuaminika, yaani kile alikuwa anashukuru Mungu nacho ndicho kilifaa kumkosesha usingizi.

Hii kitu wengi hawajui na hata mimi nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima: kwa karatasi nyingi LDL haipimwi. Labu inapima vitu vitatu, yaani kolesteroli yote kwa jumla, HDL, na trigliseridi, halafu LDL inapatikana kwa kugawa na kutoa, hesabu ya shule ya msingi. Kwa hivyo unaweza kuirudia na kalkuleta ya simu ukiwa kwa matatu, na zaidi ya kuirudia unaweza kujua ni lini usiiamini, na hapo ndipo kuna faida yenyewe. Mimi si daktari, mimi naweka vitabu vya hesabu vya duka la mabati na simiti huko Industrial Area, lakini kwetu sukari na presha zinarithiwa kama shamba na nimejikuta ndio yule mtu wa kusomea watu karatasi za labu. Hivi ndivyo mimi hufanya.

Hatua ya 1: angalia kama una karatasi yenyewe

Ukienda kliniki na homa wakutoe damu, mara nyingi wanakufanyia hemogramu, ile ya kuhesabu seli nyekundu, seli nyeupe na zile za kugandisha damu. Hapo kolesteroli haimo. Nimeulizwa mara kadhaa kama hemoglobini ya 14 ni kusema mtu ana mafuta mengi, hapana, hakuna fomula ya kutoa kolesteroli kwa hemogramu, wala kwa ile ya sukari ya kidole, wala kwa ile ya figo. Kile unatafuta ni lipidi profaili, ukitamka hivyo labu yoyote Nairobi watakuelewa, na ni lazima iwe na zile namba tatu nimetaja. Kuna vimashine vya kambi na vya famasi vinapima kolesteroli yote peke yake kwa tone la kidole, ukipewa namba moja kama 5.8 hesabu yetu haiwezi kuanza, juu hujui ni ngapi ya hiyo ni HDL.

Na kama labu huijui, tazama ukutani, cheti cha bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, kinafaa kuwa kimetundikwa penye mtu anaona. Kama kimefichwa uliza. Hakuna haja ya kuona haya.

Hatua ya 2: kula ama kutokula

Zamani kila mtu aliambiwa asikule masaa 12. Siku hizi imelegea, wataalamu wa Ulaya walikubaliana 2016 kwamba kwa watu wengi kipimo bila kulala njaa kinatosha, kwa sababu kolesteroli yote na HDL hazibadiliki sana na chakula. Yenye inacheza ni trigliseridi. Kwa mtu wa kawaida aliyekula chakula cha kawaida inapanda kidogo tu, lakini ukitoka kwa nyama choma na bia za Jumamosi usiku halafu utolewe damu Jumapili asubuhi hiyo namba itakuja imevimba, na venye trigliseridi iko ndani ya hesabu ya LDL, kosa linaingia hadi huko.

Ushauri wangu, na huu ni wangu: kama ni mara ya kwanza, ama unajua trigliseridi zako huwa juu, ama una sukari, lala njaa tu. Kula saa mbili usiku chakula cha kawaida, asubuhi kunywa maji peke yake, fika labu saa moja na nusu ama saa mbili. Maji, sio chai ya maziwa, na "nimeweka maziwa kidogo tu" pia ni chai ya maziwa. Chukua labu ya karibu na nyumbani, usijipange kuvuka Thika Road na njaa. Pombe acha siku mbili tatu kabla. Dawa zako za presha meza kama kawaida, za sukari uliza aliyekuandikia juu kumeza zingine bila kula kunaweza kukuangusha.

Hatua ya 3: jua ni kipimo gani kimetumika

Hapa ndipo anti yangu wa Kawangware alilia. Mwaka mmoja alipimwa akaambiwa kolesteroli ni 5.2, mwaka uliofuata akaenda labu nyingine akapewa 201. Akaja kwetu na karatasi mbili kwa mkoba, amevaa kama mtu anaenda matanga, ati "mwanangu imepanda mara arobaini". Nilipiga hesabu mbele yake kwa nyuma ya risiti. Hizo namba mbili ni kitu kimoja.

Labu nyingi hapa Kenya hutumia mmol/L, zingine mg/dL. Kolesteroli yoyote, yaani ya jumla, HDL ama LDL, ukitoka mmol kwenda mg zidisha na 38.67. Ukirudi, gawa na hiyohiyo. Trigliseridi ina namba yake tofauti, 88.57, juu ni mafuta ya aina ingine na uzito wake ni mwingine. Watu huchanganya hapo sana, wanachukua 38.67 wanazidisha kila kitu, na trigliseridi inatoka chini ya nusu ya venye inafaa kuwa.

Njia ya haraka ya kujua bila hata kusoma: kama kolesteroli yote iko na tarakimu moja kabla ya nukta, 4 ama 5 ama 6, hiyo ni mmol. Kama iko kwa mamia, ni mg. Chagua kipimo kimoja ubaki nacho mpaka mwisho. Mimi nitatumia mmol.

Hatua ya 4: anza na ile hesabu haikosi

Kabla uguse LDL fanya hii, inachukua sekunde tatu. Kolesteroli yote, toa HDL. Basi. Inaitwa non-HDL na kwa ripoti zingine utaipata imeshapigwa. Maana yake ni kolesteroli yote iliyo kwa zile chembe zinazoweza kuganda kwa ukuta wa mshipa, LDL na ndugu zake wote, na haijalishi trigliseridi ziko wapi wala ulikula nini asubuhi.

Ya anko: 6.1 toa 0.9 ni 5.2. Hiyo ni juu. Karatasi iliweka vistari lakini jibu lilikuwa hapo hapo kwa mstari wa kwanza na wa pili, na enyewe kama ungeniambia nichague namba moja tu ya kumfundisha mtu kwetu ningechagua hii, niache LDL kabisa. Lakini madaktari na vipeperushi bado vinaongea LDL kwa hivyo tuendelee.

Hatua ya 5: sasa piga LDL

Hii fomula ni ya 1972, ya Wamarekani watatu wa NIH, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya, William Friedewald, Robert Levy na Donald Fredrickson. Wakati huo kupima LDL yenyewe ilitaka mashine ya kuzungusha damu kwa kasi ya ajabu kwa masaa mengi, kitu ambacho labu ya mtaani haingeota. Wao wakaona kwamba ile chembe ingine ya mafuta, VLDL, hubeba trigliseridi karibu mara tano ya kolesteroli yake kwa uzito. Basi ukijua trigliseridi unaweza kukisia kolesteroli ya VLDL, unaitoa, na kile kinabaki ni LDL. Kwa mg unagawa trigliseridi na 5. Kwa mmol unagawa na 2.2.

Kwa hivyo:

LDL = kolesteroli yote − HDL − (trigliseridi ÷ 2.2)

Nichukue yangu ya mwezi wa tatu. Kolesteroli 5.4, HDL 1.2, trigliseridi 1.5. Gawa 1.5 na 2.2 unapata 0.68. Sasa 5.4 toa 1.2 ni 4.2, toa 0.68 ni 3.52. Karatasi yangu ilisema 3.5, tumeelewana.

Ukigawa na 5 na ulikuwa kwa mmol, utapata LDL kubwa kuliko venye iko, na ukigawa na 2.2 na ulikuwa kwa mg utapata ndogo mno, hata inaweza kushuka chini ya sifuri ucheke. Ukiona LDL imetoka hasi jua umechanganya kipimo ama trigliseridi ni nyingi kupindukia.

Kuna faida ingine ya kurudia hesabu hata kama karatasi imeshakuandikia. Siku moja nilisomea jirani karatasi yake nikakuta namba hazishikani, kolesteroli 4.8, HDL 2.1, trigliseridi 1.1, LDL 3.2. Nikapiga, mimi napata 2.2. Nikarudia, 2.2. Tukarudi labu (sitataja jina) na wakaangalia kwa mashine, HDL ilikuwa 1.1, mtu alikuwa ameandika kwa mkono akakosea. Na 1.1 hiyo ukiiweka unapata 3.2 kama venye walikuwa wameandika. Mama alikuwa ameshaambiwa ati HDL yake ni nzuri sana ya kumlinda. Kwa hivyo piga tu, ni dakika moja. Ila kabla uende kugombana na mtu, tazama kama ripoti imesema LDL ni ya moja kwa moja, wengine wana kemikali ya kupima LDL yenyewe, na hiyo si lazima ilingane na hesabu yako hadi nukta ya mwisho.

Hatua ya 6: uliza kama hiyo LDL ni ya kuaminika

Fomula ya 1972 imejengwa juu ya kitu kimoja, kwamba ile tano haibadiliki. Na inabadilika. Trigliseridi zikipanda, kila chembe ya VLDL inajaa trigliseridi kuliko kawaida, kwa hivyo ukigawa na 2.2 unatoa kolesteroli nyingi kuliko ile iko kweli, na LDL inatoka ndogo kuliko ukweli. Kosa linaenda upande ule wa kukufurahisha, hapo ndipo ubaya wake.

Wenyewe walisema mapema: trigliseridi zikizidi 400 kwa mg, yaani 4.5 kwa mmol, usitumie. Ndio maana mashine ya kanisani ilimpa anko vistari. Ilikuwa inafanya kazi yake, shida ni hakukuwa na mtu wa kumwambia vistari ni nini. Ukilazimisha unapata 6.1 toa 0.9 toa 2.32, yaani 2.88, namba ya kupendeza kabisa, na ya uongo.

Unafanya nini basi? Njia ya kwanza ni kurudi ukapimwe tena ukiwa umelala njaa. Ya pili ni kuambia labu wapime LDL ya moja kwa moja, labu kubwa za mjini wanafanya, uliza bei kwanza. Ya tatu ni kutumia fomula mpya. Chuo kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walitoa yao 2013 kwa kutumia damu za watu zaidi ya milioni moja, badala ya kugawa na 5 kila saa unagawa na namba inayotegemea trigliseridi na non-HDL yako, na hiyo namba inatoka kama 3 hadi karibu 12, fikiria huo upana. Ila hiyo ni jedwali, si ya kufanya kwa kichwa. Ya 2020 ni ya NIH tena, ya Maureen Sampson na wenzake, na hii inaweza kupigwa kwa kalkuleta kama una subira. Inaenda hadi trigliseridi za 800 mg, yaani kama 9 mmol. Ni ya mg, kwa hivyo geuza kwanza:

LDL = kolesteroli ÷ 0.948 − HDL ÷ 0.971 − [trigliseridi ÷ 8.56 + (trigliseridi × non-HDL) ÷ 2140 − (trigliseridi × trigliseridi) ÷ 16100] − 9.44

Usishtuke. Tuitumie kwa anko. Kolesteroli 6.1 mara 38.67 ni 236. HDL ni 35. Trigliseridi 5.1 mara 88.57 ni 452. Non-HDL ni 201. Kipande cha kwanza 236 gawa 0.948 ni 248.9. Cha pili 35 gawa 0.971 ni 36. Ndani ya mabano 52.8 jumlisha 42.5 toa 12.7, unapata 82.6. Sasa 248.9 toa 36 toa 82.6 toa 9.44, inabaki kama 121. Gawa na 38.67 urudi mmol, 3.13. Ile ya zamani ilikuwa inasema 2.88. Na bado hii 3.13 ni makisio ya mtu ambaye hakulala njaa, si ya kuwekea fremu.

Kwangu mimi mwenye trigliseridi za 1.5, hiyo fomula mpya inanipa 3.58 na ya zamani 3.52. Hakuna tofauti ya maana. Kwa hivyo kama trigliseridi zako ziko chini ya kama 1.7 na LDL si ya chini sana, usijichoshe, gawa na 2.2 uende zako.

Na kama trigliseridi zimefika 10 ama zaidi wachana na fomula zote, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, juu hapo hatari ya kwanza si moyo tena, ni kongosho kuvimba. Na ukiwa tayari na maumivu makali ya tumbo na unatapika, enda saa hiyo hiyo. Damu ya mtu kama huyo ikizungushwa labu, juu yake inakaa kama maziwa, waulize watu wa labu watakuambia.

Hatua ya 7: walio kwa dawa, hapa mkae macho

Kuna upande mwingine fomula ya zamani inateleza na huu hauongelewi sana. Ni pale LDL iko chini sana, na siku hizi iko chini kwa wengi juu ya dawa za kushusha kolesteroli, atorvastatini na wenzake.

Baba ya rafiki yangu alipata shambulio la moyo miaka michache iliyopita, akapona, anameza dawa vizuri. Mtu ambaye ameshapata kitu kama hicho, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka LDL yake iwe chini ya 1.4. Karatasi yake ya mwisho: kolesteroli 3.6, HDL 1.0, trigliseridi 2.8. Fomula ya zamani, 3.6 toa 1.0 toa 1.27, ni 1.33. Amefika! Familia ikafurahi, mzee mwenyewe akaanza kuuliza kama anaweza kupunguza dawa. Nikapiga na ile ya 2020, inatoka kama 1.6. Hajafika.

Nani mkweli? Hapa non-HDL inasaidia. Lengo la non-HDL ni lile la LDL ukiongeza 0.8, kwa hivyo yeye anafaa awe chini ya 2.2. Yake ni 3.6 toa 1.0, yaani 2.6. Hajafika kweli. Trigliseridi zilikuwa 2.8 tu, mbali na 4.5, mashine haikuweka vistari vyovyote, na bado namba ilikuwa imemdanganya. Nikamwambia mwanawe, mzee asipunguze chochote, mpelekeeni dakta hizi hesabu mbili aone. Dakta hakumkasirikia mtu, akaongeza dawa.

Kwa hivyo kama una trigliseridi juu ya 1.7 na LDL chini ya 1.8, usiishie kwa fomula ya zamani. Angalia non-HDL. Kila saa.

Hatua ya 8: linganisha na lengo lako, sio la jirani

Karatasi ina safu ya pembeni ya "kawaida" na watu husoma hiyo peke yake. Shida ni LDL ya 2.8 kwa msichana wa miaka 25 anayekimbia Karura kila Jumamosi ni sawa kabisa, na hiyo hiyo 2.8 kwa mzee wa sukari aliyewahi kupata stroke ni nyingi. Kwa kifupi venye hao wa Ulaya wameweka: mwenye hatari ndogo ya moyo ama stroke chini ya 3.0, ya wastani chini ya 2.6, kubwa chini ya 1.8, kubwa sana chini ya 1.4. HDL mwanaume ipite 1.0, mwanamke 1.2. Trigliseridi chini ya 1.7 ukiwa umelala njaa.

Uko wapi kwa hizo ngazi nne? Hapo kalkuleta haisaidii, dakta anaangalia umri, presha, sukari, sigara, figo. Shirika la Afya Duniani lina chati za rangi za miaka 40 hadi 74, kuna ya kanda ya Afrika Mashariki, na kuna hata ingine ya kutumia uzito na urefu kwa wale hawana kipimo cha damu. Muulize dakta akuonyeshe uko kwa rangi gani, ni swali la kawaida.

Moja tu nitasisitiza. LDL ikiwa 4.9 ama juu na umelala njaa na umerudia, usiiweke kwa droo useme ni chips. Inaweza kuwa ya kurithi, na hapo ndugu zako na watoto wako pia wapimwe hata kama ni wembamba kama mkia wa mjusi. Wembamba haukingi hii.

Vitu vya kuharibu kipimo

Ukiwa mgonjwa kolesteroli hushuka. Mtu ametoka ushago Krismasi na malaria, anapimwa akiwa bado anatetemeka, LDL inatoka nzuri, anafikiri ni zile mboga za kienyeji. Ngoja wiki chache upone. Mimba inapandisha, kwa hivyo mama mjamzito asijihukumu kwa hiyo namba. Tezi ya shingo ikiwa mvivu LDL inapanda na hakuna mboga itaishusha mpaka tezi itibiwe. Sukari isiyodhibitiwa na pombe vinapandisha trigliseridi hasa, steroidi pia, na baadhi ya dawa za ARV.

Na namba yenyewe hucheza. Upimwe leo na upimwe wiki ijayo bila kubadilisha kitu, hazitalingana, na trigliseridi ndizo zinaruka zaidi. Ukitoka 3.5 ukafika 3.3 usimwambie mtu ati ni kitunguu saumu. Pima labu moja, masaa yale yale, na uweke karatasi zote pamoja. Mimi nina daftari la kila mtu wa kwetu, tarehe, namba tatu, non-HDL, LDL, na safu ya mwisho ya kuandika kama alilala njaa ama hapana. Hiyo safu ya mwisho imemaliza mabishano mengi.

Anko alirudi kupimwa baada ya wiki tatu, safari hii amelala njaa, ingawa alinipigia saa kumi na moja alfajiri kuuliza kama kumeza mate ni kula. Kolesteroli 5.9, HDL 0.9, trigliseridi 3.1. Vistari vikaondoka, LDL ikaandikwa 3.6, non-HDL 5.0. Dakta akaongeza kipimo cha sukari ya miezi mitatu na hiyo ikatoka juu, kumbe ndiyo ilikuwa inasukuma trigliseridi wakati huo wote, sasa ako kwa dawa mbili na ameacha soda ya baada ya ibada. Juzi amenitumia picha sita za karatasi za wazee wenzake wa kanisa, na kwa kila moja ameshazungushia trigliseridi na kalamu nyekundu kabla hata hajaniuliza.